Barua ya wazi kwa wasimamizi wa misitu, hifadhi na barabara za mandhari za Arizona

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni wakazi wa Phoenix, Glendale na Tucson tunaozungumza Kiswahili. Wakongo na Warundi ndio wengi kati yetu; Wakenya na Watanzania wapo pia. Wapo wanaoendesha malori, wapo wanaofanya kazi maghalani na hospitalini, na wapo wanaopanga safari za vijana wa makanisa na misikiti. Jumamosi ikifika, familia hupakia watoto, jiko na madumu ya maji, zikaelekea Saguaro Lake, Sabino Canyon au Mlima Lemmon kama majirani zao wengine. Nakala ya Kiingereza mtaletewa ofisini. Hii tumeiacha wazi ili wenzetu nao waisome, kwa kuwa yamo mambo ambayo dereva anaweza kuyatumia hata kabla hamjatujibu.

Ombi letu ni moja: onyo liwekwe pale ambapo mtu bado anaweza kubadili nia, na liseme kipimo.

Mabango mengi ya jangwani husema "barabara mbaya", "joto kali", "hatari ya mafuriko". Dereva aliyezoea njia ya Bukavu hadi Uvira akisoma "barabara mbaya" haoni sababu ya kugeuza gari. Kwake hiyo ni barabara tu. Mbaya kwa gari la namna gani? Joto la nyuzi ngapi? Maji ya kina gani? Onyo lisilo na namba humwachia msomaji apime kwa uzoefu wa alikotoka, na jangwa la Sonora halina mazoea ya huko.

Chukueni Apache Trail, yaani barabara ya jimbo namba 88. Inaanzia Apache Junction, inapita chini ya milima ya Superstition, inashuka Canyon Lake na kufika Tortilla Flat. Hadi hapo ni lami yenye kona nyingi, na gari lolote lenye breki nzima linafika. Maili chache mbele lami inakatika, kisha unakuja mteremko wa Fish Creek: njia inayotosha gari moja, mwamba upande huu, korongo upande ule. Ilichongwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupeleka vifaa kwenye ujenzi wa Bwawa la Roosevelt, lililokamilika mwaka 1911. Moto wa Woodbury wa 2019 uliichoma milima iliyo juu yake, mvua ya Septemba mwaka uleule ikaporomosha mawe na udongo, na kipande hicho kikafungwa hadi 2024. Kilipofunguliwa, ushauri ulikuwa kipitwe na magari yaliyoinuka juu, yanayoendesha magurudumu yote manne.

Sasa mtazameni baba mwenye gari la viti saba, simu imebandikwa kwenye dashibodi. Ramani inamwonyesha mstari mmoja kutoka Tortilla Flat hadi Roosevelt, na mtandao unapotea muda si mrefu. Bango likimngoja juu ya mteremko, limechelewa: nyuma yake kuna magari mengine, pa kugeuzia ni padogo, na aibu ya kurudi kinyumenyume mbele ya wageni ni kubwa kuliko woga. Mahali pa bango ni kwenye maegesho ya Tortilla Flat, ambako watu wanashuka kunywa soda na gari linaweza kugeuka bila shida. Maneno tunayopendekeza ni haya:

"MBELE LAMI INAKATIKA. Baada yake: udongo na mawe, njia ya gari moja, mteremko mkali. Gari dogo lililo karibu na ardhi lirudi kutoka hapa. Simu haishiki. Hakuna mafuta wala fundi hadi Roosevelt."

Chini ya maneno hayo, wekeni kipimo cha kuona kwa macho. Dereva wengi hawajui tumbo la gari lao liko sentimita ngapi kutoka ardhini. Corolla ya kawaida ina kama 13, ilhali njia ya namna hii inataka 20 au zaidi. Jengeni gogo la zege la urefu wa sentimita 20 kando ya maegesho. Dereva asimamishe gari sambamba nalo, achuchumae, achungulie. Likizidi tumbo la gari kwa urefu, jibu amelipata, na hakuna lugha iliyohitajika. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji.

Na elezeni kwa nini, maana watu wazima hutii sababu haraka kuliko amri. Jiwe likigonga bakuli la oili lililo chini ya injini, oili yote humwagika ndani ya dakika chache, taa nyekundu huwaka, na anayeendelea hata maili moja kwa kuhofia kukwama huiua injini kabisa. Akizima papo hapo atahitaji kuvutwa tu. Kuvutwa kutoka kwenye njia ya udongo ni ghali, na bima nyingi hazilipi gari likitolewa nje ya lami.

Kwenye barabara za udongo kuna tatizo jingine ambalo bango la "mwendo wa polepole" halilielezi. Magari yakipita kwa kasi huacha vijituta vidogovidogo vilivyojipanga kama bati la paa. Ukivipita kwa kasi matairi hurukaruka, hayashiki chini, na kona ndogo inatosha kulitupa gari nje. Wenyeji hupunguza upepo wa matairi, tuseme kutoka psi 35 hadi 25, na gari linatulia. Lakini anayepunguza lazima awe na pampu ya kurudishia kabla ya kuingia barabara kuu: tairi laini likikimbizwa maili 75 kwa saa hujikunja kila mzunguko, linapata moto, linapasuka. Tunaomba pampu ya hewa mwanzoni na mwishoni mwa njia za udongo zinazopitwa sana, hasa Bajada Loop ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro upande wa magharibi, maili 6, ambayo magari madogo huipita kila siku. Ile Cactus Forest ya upande wa mashariki, maili 8, ina lami. Haina shida hiyo.

Mlima Lemmon una lami mpaka juu na bado unawashinda watu. Catalina Highway hupanda maili kama 27 kutoka kwenye kaktasi za Tucson hadi kwenye misonobari ya Summerhaven, na hewa ya juu huwa na baridi kwa nyuzi 15 hivi za Selsiasi kuliko ya mjini. Kupanda, gari zee huchemsha. Dereva azime kiyoyozi mapema, na mshale wa joto ukipanda aegeshe, aache injini ipoe. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kikiwa cha moto, maana maji yaliyobanwa yataruka usoni. Kushuka ni hatari zaidi. Anayekanyaga breki maili 20 mfululizo atasikia harufu ya kuungua, kisha pedali itazama. Dawa ni gia ndogo tangu kileleni, na gari la otomatiki lina L, 2 au kitufe cha kupunguza gia. Bango la gia ndogo tunaliona pengi, lakini huwa mchoro wa lori, na mwenye gari dogo hudhani halimhusu. Chorani na gari dogo. Pia andikeni chini ya mlima kwamba juu hakuna kituo cha mafuta, na kwamba kumpita mwendesha baiskeli sheria ya Arizona inataka nafasi ya futi 3, yaani karibu mita moja. Barabara hiyo baiskeli ni nyingi kila asubuhi.

Tukija kwenye maji, hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize kwa makini zaidi.

Msimu wa mvua za radi huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Makorongo yanayokatiza barabara huwa mchanga mtupu miezi mingi, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kuona tone. Kinachowaponza wageni ni kwamba mvua inayoleta maji si lazima inyeshe pale walipo. Julai 15, 2017, kaskazini mwa Payson, ndani ya Msitu wa Taifa wa Tonto, familia moja ilikuwa ikiogelea kwenye kijito. Mvua ilinyesha maili kadhaa juu, kwenye eneo lililokuwa limeungua mwezi mmoja tu kabla. Ukuta wa maji meusi ya majivu na magogo uliwakuta, na watu 10 wa ukoo huo wakafa. Ardhi iliyoungua hainywi maji: mizizi na majani yaliyokuwa yakiyapunguza kasi hayapo, na moto huacha tabaka la nta kwenye udongo linaloyasukuma maji juujuu. Kwa miaka kadhaa baada ya moto, bonde lililo chini ya kovu lake hujaa kwa mvua ambayo zamani isingelowesha hata mchanga.

Kwa hiyo kila eneo la kuogelea lililo chini ya msitu ulioungua liwe na bango lenye ramani ndogo: tuko hapa, moto ulipita pale, maji hutokea huku. Na liwe na mishale inayoonyesha njia ya kupanda juu kwa miguu, kwa sababu watu wengi hukimbilia gari, na gari limeegeshwa bondeni. Maneno yawe mafupi:

"Ukisikia ngurumo, ukiona maji yanageuka rangi au vijiti vinaanza kuelea, toka mtoni. Panda juu kwa miguu. Usirudi kuchukua vitu."

Kwenye vivuko vya barabara, nguzo za kupimia kina zipo pengi, lakini zina tarakimu nyeusi za futi ambazo hazimwambii mtu afanye nini. Pakeni nguzo rangi: nyekundu kuanzia sentimita 15 kwenda juu. Maji ya kina hicho yakienda kasi yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinabeba magari madogo mengi, 60 zinabeba hata pikapu. Gari ni chombo kilichozibwa, maji yakifika tumboni yanaanza kuliinua, matairi yanakosa uzito wa kushika lami, na mkondo unafanya uliobaki. Tena lami yenyewe inaweza kuwa imeshachimbwa chini ya maji ya matope bila dereva kuona.

Hapa kuna desturi yetu moja mnayopaswa kuijua. Kwetu, mto ukijaa barabarani, watu husimama kungoja lori lipite kwanza. Likivuka salama, wengine hufuata nyuma yake. Huku lori linalovuka lina uzito na urefu ambao gari dogo halina, na wala aliyelifuata hajui kama dereva wake ameponea chupuchupu. Arizona ina sheria tangu 1995: anayezunguka kizuizi akaingia kwenye maji, akaokolewa, anaweza kudaiwa gharama za uokoaji hadi dola 2,000. Wenzetu wengi hawajawahi kuisikia. Iandikeni kwenye kizuizi chenyewe, kwa namba kubwa: $2,000. Halafu ongezeni kitu kinachompa mtu subira, kwamba maji ya korongo mara nyingi hushuka ndani ya saa chache tu. Anayejua atangoja, asiyejua hudhani amefungiwa njia mpaka kesho.

Joto linaua wengi kuliko maji. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani Selsiasi 43, na kaunti ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi wao hawakuwa kwenye njia za milimani. Walifia mitaani na majumbani. Lakini njia za milimani ndizo zilizo mikononi mwenu.

Andikeni Selsiasi pamoja na Farenhaiti. Kwa aliyesoma shule Bujumbura au Kigoma, "110" ni namba isiyo na uzito, "43" inamshtua. Halafu angalieni saa, kwani hapa tafsiri ya haraka inaweza kuua. Njia ikifungwa kuanzia 9 asubuhi, mtafsiri asiye makini ataandika "saa 9", na Mswahili atasoma saa tisa alasiri, saa sita nzima baada ya njia kufungwa. Iandikwe "saa tatu asubuhi", na pembeni ichorwe saa ya mishale. Ushauri wa Grand Canyon wa kutokuwa njiani mchana usomeke "kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni". Phoenix hufunga njia za Camelback na Piestewa Peak mchana siku za onyo kubwa la joto, na tunaliunga mkono jambo hilo. Tunachotaka ni aliyefika na watoto wanne aambiwe kwenye maegesho aende wapi badala yake, mahali penye kivuli na maji, kwa jina na kwa maili.

Kipimo cha maji nacho kiwe wazi: lita moja kwa saa kwa anayetembea juani, isizidi lita moja na nusu, pamoja na kitu chenye chumvi. Kunywa maji matupu mengi mno hupunguza chumvi mwilini, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, watu huzichukulia kuwa kiu wakazidisha maji. Garini iwe galoni moja kwa kila mtu, mbali na ya kutembea nayo. Nusu ya maji ikiisha, mtu arudi. Kwenye korongo la kushuka arudi mapema zaidi, kwa kuwa kupanda hula muda mara mbili ya kushuka.

Sabino Canyon inastahili neno lake. Magari binafsi hayaingii, watu hutembea au hupanda gari la umeme la wageni, na barabara ni lami laini ya maili 3.8 kwenda tu. Ulaini huo ndio mtego. Mama anaona barabara nzuri, anaingia na kigari cha mtoto na chupa moja ya maji, watoto wana ndala. Lami ya mchana wa kiangazi inaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi na inaunguza ngozi ikiguswa. Mtoto akianguka, viganja na magoti vinababuka. Na mtoto anayebebwa mgongoni kwa kitenge hapati upepo hata kidogo, joto lake na la mama vinakutana. Picha za mabango yenu huonyesha kijana mwenye mkoba na kofia. Chorani na mama mwenye mtoto mgongoni, maana huyo ndiye tunayemwona huko.

Suala la nyama choma tulitamani kuliruka, ila haliwezekani. Familia zetu hazijui pikiniki ya mikate mikavu. Jiko lazima liwake. Kuanzia Mei hivi hadi mvua za Julai zishike, misitu huweka makatazo ya moto kwa hatua. Hatua ya kwanza huruhusu moto kwenye majiko yaliyojengwa na msitu tu, ndani ya maeneo yaliyotengwa. Hatua ya pili hukataza mkaa na kuni kila mahali. Katika hatua zote mbili, jiko la gesi lenye kitufe cha kufungua na kufunga kwa kawaida huruhusiwa, kwenye ardhi isiyo na nyasi. Mabango husema tu "moto marufuku", na watu wetu wengi hawahesabu mkaa kuwa moto, kwa sababu hauna mwali. Chorani jiko la mkaa lenye mstari mwekundu na jiko la gesi lenye alama ya kijani, bango likae kwenye njia panda ya barabara kuu, kabla mtu hajaendesha saa nzima na nyama ndani ya barafu. Mkaa ulioruhusiwa nao uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, hadi mgongo wa mkono usihisi joto. Kuufukia mchangani ni kuuhifadhi: mtoto wa familia inayofuata atakanyaga pale.

Tena moto hauanzii jikoni peke yake. Bush Fire ya Juni 2020 ilianzia kwenye gari lililowaka moto karibu na makutano ya Bush Highway na barabara 87, ikala zaidi ya ekari 193,000. Ekzosi ya gari lililotoka mwendo mrefu inawasha nyasi kavu lilipoegeshwa juu yake, na mnyororo wa trela unaoburuta lami hutoa cheche maili nzima bila dereva kujua. Maegesho ya pembeni yafyekwe kabla ya Mei.

Vumbi mmelishughulikia vizuri, na haki isemwe. Kwenye barabara kuu ya I-10 kati ya Eloy na Picacho Peak, maili ya 209 hadi 219, vifaa hupima vumbi na mabango ya juu hubadilisha kasi inayoruhusiwa kulingana na hali. Hiyo ndiyo namba mahali pake. Kilichobaki ni maelekezo ya kusimama, ambayo yanapingana na mazoea ya dereva wa Afrika Mashariki wa kuwasha taa zote za tahadhari. Hapa ni kinyume: toka barabarani kabisa, zima taa zote, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali ili taa za breki zisiwake, baki na mkanda. Anayekuja nyuma haoni barabara, hufuata taa anayoiona mbele, akidhani inasonga, na kukugonga.

Malipo tunayataja kwa haraka. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa, bustani za jimbo kama Lost Dutchman, bustani za kaunti, na ardhi za mataifa ya Wenyeji kama Navajo na White Mountain Apache, kila moja ina karatasi yake, na moja haifanyi kazi kwa nyingine. Sehemu nyingi za Tonto kando ya Salt River hutaka pasi inunuliwe kabla ya kufika. Ile kadi ya kukwangua mwezi, siku na saa huwachanganya hata wenyeji, na aliyekwangua mistari miwili ameiharibu. Wekeni kwenye njia panda jina la duka la karibu linaloiuza, na umbali wake. Na watangazieni wazazi kwamba mwanafunzi wa darasa la nne ana pasi ya bure inayoingiza gari zima la familia kwenye hifadhi za taifa. Shule nyingi zinajua, nyumba nyingi hazijui. Leseni ya uvuvi kuanzia miaka 10 nayo isemwe palepale ziwani. Watu waliokulia ufukweni mwa Tanganyika hawatarajii kuulizwa karatasi ya ndoano.

Kuhusu nyoka, bango la picha ya nyoka halitoshi. Wengi wa Kongo na Burundi huweka imani kwenye jiwe jeusi, hulifunga juu ya jeraha na kungoja. Semeni waziwazi: jiwe halitoi sumu, usikate, usinyonye, usifunge kamba, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, piga 911. Anayepiga aseme neno "Swahili" kwanza ili atafutiwe mkalimani, kisha namba ya barabara na namba ya kigingi cha maili. Miba ya cholla, aina ya kaktasi, kwa upande mwingine, haihitaji hospitali: kipande kilichong'ang'ania kichomolewe kwa kitana, kikirushwa mbali na watu, na miba iliyobaki kwa koleo dogo. Vidole havifai, kipande huhamia mkono wa pili.

Tunajua kwamba amri ya rais ya Machi 2025 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani. Amri hiyohiyo haikuzilazimisha idara kuacha kutoa maandishi kwa lugha nyingine. Ilimwachia kila mkuu wa idara aamue. Mahakamani na hospitalini za Arizona wakalimani wa Kiswahili huitwa, kwa hiyo watu wa kufanya kazi hii wapo karibu. Mengi tuliyoyaomba ni picha, rangi na namba, ambazo zitamsaidia pia Mnavajo mzee, Mmeksiko na Mjerumani aliyekodi gari uwanja wa ndege.

Palipo na maneno, yawe ya mtaani. Mtafsiri wa vitabuni akiandika "mafuriko ya ghafla yatokanayo na mtiririko wa juu", mama wa Fizi, Kongo, atapita. "Mto unajaa ghafla" anauelewa yeye, anauelewa wa Mombasa, anauelewa wa Bujumbura. Tuko tayari kusoma rasimu bila malipo. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: kila bango lisomwe kwa sauti mbele ya wazee na vijana wa pande zetu tofauti, kisha kila mmoja aulizwe, "Sasa ungefanya nini?" Wakijibu kwamba wangeendelea polepole, bango limeshindwa na liandikwe upya. Kazi hiyo inaweza kumalizika ndani ya wiki moja, na mabango ya vivuko na mito yakawa yamesimama kabla ya Juni 15.

Kwa heshima,

Wakazi wa Phoenix, Glendale na Tucson wanaozungumza Kiswahili